Tangi la Mzee Kisyeri

Watu wazima na ndevu zao walikaa kikao kule Nyanungu kugawa mali ya marehemu Kisyeri, wakaishia kumwaga kibuyu kizima cha pombe ya ulezi ndani ya tangi la pikapu. Eti marehemu aliipenda ile gari kuliko ng'ombe, basi nayo inyweshwe ipate kumuaga mwenyewe. Aliyeshika kibuyu ni Mzee Nyangwine, kaka wa marehemu.

"Pombe ya marehemu haimwagwi chini," alisema. "Atakayeitoa humo, laana ni yake. Na mtoto atakayeitembeza hii gari kabla ya mavuno, gari ni yake. Ikishindikana, tunaiuza chuma chakavu."

Wazee wote wakatikisa vichwa kama mijusi.

Rubeni, kitinda mimba wa Kisyeri, alicheka mpaka mama yake akamfinya. Huyu aliacha shule kidato cha pili, akaenda kushika spana Sirari. Ng'ombe walishaishia kwa kaka zake wakubwa. Yeye alibakiziwa hiyo gari tu, nayo wameshailewesha.

Kaka yake Kornelio ndiye aliyeanza, maana kila kitu huanzia kwake. Akaleta mafundi, akawaonya: rekebisheni kote ila tangi msiguse. Mafundi wakaangaliana, wakabadilisha betri. Wakabadilisha pampu. Gari ikavuta pombe, ikakohoa, ikazima. Wakaleta pampu nyingine, nayo ikaziba kwa machicha ya ulezi.

Rubeni alikuwa amekaa juu ya kinu akitafuna muwa.

"Kaka, unamvalisha mlevi viatu vipya ili anyooke?"

"Wewe mura, kijana mdogo, funga domo. Wenye akili wanafanya kazi."

"Wenye akili wako wapi? Niitie mmoja nimsalimie."

Kornelio alichoka mwenyewe. Akasema gari imerogwa, akaenda kuangalia mahindi yake.

Hapo Rubeni akatema kapi la muwa, akaingia uvunguni. Tangi hakuligusa hata kwa kidole. Alichomoa mipira miwili ya mafuta, wa kuvuta na wa kurudisha, akaiosha. Akafungua pampu na nozeli, akazisafisha kwa dizeli mpaka machicha yakaisha, akaweka chujio jipya. Kisha akaweka kidumu cha dizeli nyuma ya kiti, akatumbukiza mipira yote miwili humo. Chini ya kiti alikuta kuku anaatamia. Akamhamisha na mayai yake, akalaani ukoo mzima ambao hata kuku anajua gari yao haiendi popote. Breki zilikuwa zimeganda, akazigonga, akazifungua, akazipaka grisi. Akatoa hewa kwenye pampu. Akawasha.

Ilinguruma! Moshi ulitoka mweusi, halafu mweupe, halafu ukapotea, injini ikatulia kama mashine ya kusaga. Mama alipiga vigelegele. Rubeni akaizungusha uwanjani, akaikanyaga breki, ikasimama palepale. Akaizima mbele ya zizi.

Mzee Nyangwine alifika na wazee wenzake, fimbo mkononi.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Mmeona?" Mzee aliwageukia wenzake. "Si niliwaambia? Pombe imefanya kazi."

Rubeni alidhani masikio yake yamejaa grisi.

"Pombe?"

"Sasa wewe unafikiri nini? Marehemu mwenyewe ndiye anaitembeza. Na kwa kuwa ni marehemu, basi hii gari ni ya ukoo. Ataiendesha Kornelio, ndiye mkubwa."

Kornelio alishatokea. Kwenye mahindi hasikii akiitwa, kwenye kugawiwa anasikia.

Rubeni alifungua mlango, akachomoa mipira, akabeba kidumu chake begani, akatupa ufunguo kwenye kiti.

"Haya. Mwambieni marehemu awaendeshee."

Kornelio akawasha. Ikawaka! Wazee wakashangilia, mmoja akamnyooshea Rubeni kidole. Gari ikajivuta kwa dizeli iliyobaki kwenye chujio, ikafika kwenye lango la zizi, ikakohoa, ikafa. Ikaziba lango lote. Kornelio akazungusha ufunguo mpaka betri ikaanza kulia. Ndani, ng'ombe waliotaka kwenda malishoni wakaanza kusukumana, dume moja likagonga bodi kwa pembe, mbuzi wakapita uvunguni.

"Kijana," Mzee Nyangwine alisema polepole, "rudisha hiyo dawa yako."

"Dawa gani, baba mkubwa? Hii ni dizeli. Dawa si iko kwenye tangi?"

"Ng'ombe wanaumia, Rubeni!"

"Gari ya nani?"

Dume likagonga tena, taa ya nyuma ikapasuka. Wazee wakaangalia miguu yao, kila mmoja akiomba mwenzake aropoke kwanza.

"Yako," Mzee alinong'ona.

"Sema ukoo usikie."

"Ni ya Rubeni!" Mzee alifoka. "Gari ni ya Rubeni, nimesema! Lakini lile tangi usiliguse."

"Nani ana shida na tangi lenu? Mkishikwa na kiu, njooni na mirija yenu mnywe."

Akaweka kidumu mahali pake, akachomeka mipira, akatoa hewa.

"Shuka," alimwambia Kornelio. "Na ufunge mlango taratibu. Hiyo ni gari ya mtu."