Nyumba ya Shimo la Kumi na Nne

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, watu wa kujitolea walikuwa wamepanga mstari nyuma ya hema la jikoni la uwanja wa gofu, kila mmoja akisubiri fulana ya kijani na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Fulana zilikuwa za saizi mbili tu, kubwa na kubwa zaidi. Mshonaji, mama wa miaka sitini na mmoja aliyeshona sare za shule maisha yake yote, aliikunjua yake, akakagua mapindo, akaguna. Akatoa sindano mkobani, akaipunguza mabega palepale amesimama.

"Mama, wewe tumekuweka lango la magari," alisema msimamizi wao, dada mwenye redio ya mkononi. "Kuna kivuli."

"Nipangie shimo la kumi na nne."

"Kule jua kali. Na choo kiko mbali."

"Nimeshakwenda chooni."

Msimamizi akakata jina moja kwenye orodha, akaandika jingine.

Kazi ilikuwa kushika kibao chenye neno KIMYA na kukiinua mchezaji anapotaka kupiga. Mpira ukipotea njia, mshika kibao anauchomekea kibendera pale ulipoangukia.

Mshonaji hakujua gofu wala hakutaka kuijua. Miaka thelathini na miwili nyuma uwanja huo ulipanuliwa, na mtaa wao ukavunjwa kwa asubuhi moja. Waliambiwa nyumba zao ni za muda, na za muda haziingii kwenye ramani. Mama yake alifariki mwaka wa pili, katika chumba cha kupanga, bado akibishana na neno hilo. Uzio ukawekwa, na asiye mwanachama haingii. Wakata nyasi ndio waliomwambia kwamba siku za mashindano makubwa nyumba moja huota pale kumi na nne, nao huizunguka na mashine zao, maana saruji inaharibu visu.

Saa tatu na dakika kumi nyumba ikatoka. Lilitangulia bati, yakafuata madirisha, kisha ngazi mbili za mlangoni, ikasimama upande wa kushoto wa njia ya mchezo. Watazamaji walisogea kidogo kwa sababu ilikuwa inawaziba.

Mama yake alikuwa mlangoni, na miaka yake arobaini na minane ileile.

"Umezeeka," alisema.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na hilo libao?"

"Niko kazini. Punguza sauti, kuna mtu anapiga."

Mama akanyamaza. Mpira ulikata kushoto, ukadunda kwenye bati, ukaingia dirishani. Mshonaji akachomeka kibendera kizingitini. Mchezaji, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza, alifika, akavua viatu vyake vya meno, akapiga hodi.

"Karibu," alisema mama. "Uko chini ya meza. Usiuguse kwanza, mwanangu anasema tumngoje mwamuzi."

Mwamuzi alikuja na kigari cha umeme, kitabu cha kanuni kwapani. Alimwamkia mama, akapewa kiti, akaeleza. Kwa mchezaji hapakuwa na tofauti yoyote: angeutoa mpira nje bila adhabu. Ila fomu yake ilitaka kujua kama nyumba ni ya kudumu au ya muda. Jengo la kudumu huingizwa kwenye ramani ya uwanja. Kitu cha muda huandikwa cha muda, basi.

Mshonaji akainua kibao. Watu mia mbili wakanyamaza.

"Pima," alimwambia mwamuzi, akampa futi yake ya kushonea.

"Mama, hiyo si kazi yangu."

"Mpira uko ndani na kibendera changu sikitoi. Pima."

Mwamuzi akapiga magoti kwenye nyasi. Aliishusha futi kandokando ya ukuta, ikaisha yote na msingi bado unaendelea. Akaingiza mkono mpaka begani.

"Sijafika mwisho," alisema.

"Niliuchimba mwenyewe," mama alisema kutoka ndani. "Nikiwa na mimba ya huyo."

"Kwa hiyo ni ya muda au ya kudumu?" aliuliza mshonaji.

"Kwa macho yangu, ya kudumu."

Lakini ilibidi aiulize ofisi. Aliongea kwa redio, akasubiri, akajibiwa. Ofisi ilikuwa na ramani mbele yake, na kwenye ramani pale palikuwa na nyasi. Mwamuzi hakuwa mtu mbaya. Masikio yake yalipata moto, lakini akaandika: ya muda.

"Andika na ulichopima."

"Fomu haina nafasi ya hapo, mama."

Mshonaji alikaa ngazini dakika kumi na moja, mchezo umesimama, mchezaji akiwa sebuleni na soksi zake, anakunywa maji. Kisha akang'oa kibendera. Fundi wa uwanja akaja na chokaa, akaizungushia nyumba mstari mweupe, ndiyo alama ya sehemu inayofanyiwa matengenezo.

Kesho yake mshonaji aliomba shimo lilelile, na keshokutwa, na siku ya mwisho. Kila siku mpira mmoja uliingia dirishani, na kila siku alimpigisha mwamuzi magoti. Siku ya tatu mwamuzi alikuja na kamba ndefu, bila kuambiwa. Nayo haikufika. Fomu nne zilikwenda ofisini, zote zikisema ya muda.

Jioni ya nne kombe lilitolewa na watu wakatawanyika.

"Wamesemaje leo?" aliuliza mama.

"Vilevile."

"Na wewe umewaambiaje?"

"Nimejiandikisha tena kwa mwakani. Nimeomba hapahapa."

Mama aliitikia kwa kichwa. Alitazama sebule, vipande vya nyasi walivyoacha wachezaji, akachukua ufagio. Fundi wa uwanja alikuwa amekuja kufuta mstari wake. Alisimama nje ya chokaa, kofia mkononi, akangoja mwenye nyumba amalize kufagia. Nyumba iliposhuka na nyasi kujifunga juu ya bati, akafuta mstari, akaenda shimo la kumi na tano.