Maneno ya Kutoka Nyumbani

"Sabuni!"

Watoto wakapiga makofi matatu, sa-bu-ni, kisha wakaangaliana kuona nani kakosea.

"Umeme umekatika!" akasema mtoto wa fundi cherehani, na darasa zima likaangua kicheko, maana hakuna aliyekuwa mgeni wa hilo. Maneno marefu hayo kwa viganja vidogo, lakini wote walifika salama hadi "ka".

Bibi Mwalimu, kama shule nzima ilivyomwita, hakuwa na kinanda wala ngoma. Chekechea ilimpa chumba chenye mikeka miwili na dirisha lisilofungika, basi akafundisha muziki kwa alichokuwa nacho, yaani midomo ya watoto. Kila Jumatatu walileta maneno kutoka nyumbani. Neno lilipigiwa makofi, likakanyagiwa miguu, likarudiwa mpaka likawa wimbo. Mtoto ambaye hajui hata kuandika jina lake alijua kwamba karoti ni ndefu kuliko ndizi.

Zamu ikamfikia Chiriku. Huyu alikuwa mjukuu wake, mtoto wa mwanawe wa pekee, na jina la utani alilipata kwa kutojua kunyamaza. Akasimama, akavuta pumzi.

"Funga mlango, watasikia! Sema tena uone!"

Bibi Mwalimu akalipiga palepale kwenye paja lake. Lilikuwa tamu. Lilianza taratibu, likakimbia, likatua kwa kishindo. Hakujiuliza limetoka wapi. Nyumba yenye Chiriku, alidhani, lazima mtu aambiwe afunge mlango. Mdundo ulimwingia mwilini bila hodi, akawa anaupiga kwa vijiko akiosha vyombo, na mwishowe akauchagua uwe wa kufungia sherehe ya wazazi.

"Msipige makofi tu," aliwaambia. "Onyesheni kwa mikono na nyuso, kama mnavyoona nyumbani."

Wakaonyesha.

Siku ya sherehe wazazi walikaa kwenye viti vya watoto, magoti karibu na videvu. Sabuni iliwachekesha, umeme ukashangiliwa kwa vigelegele. Kisha Chiriku akatoka mbele. Kwenye mazoezi alikuwa akichekacheka tu, lakini mbele ya watu alikaza uso. Kwa "funga mlango" akausukuma mlango usiokuwepo kwa kisigino, polepole, kama mtu asiye na haraka. Kwa "watasikia" akatupia macho dirishani. Kwa "sema tena uone" akainua kiganja juu. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akageuka akawa mtu mwingine. Akajikunja, akakinga uso kwa kiwiko, akajiziba mdomo.

Nyuma yake wenzake wote wakainua viganja, wanatabasamu, mapigo yao sawasawa. Hawakuwahi kupiga vizuri kuliko siku ile.

Kicheko kilichoanza kikafa. Katika mstari wa pili, mke wa mwanawe alikuwa akivuta mkono wa blauzi yake hadi kwenye vidole.

Ndipo Bibi Mwalimu alipojua kwa nini mdundo ule ulimkaa upesi vile. Aliishi nao miaka yote ya ndoa yake. Ilikuwa sauti ya marehemu mumewe, kwa maneno yaleyale, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiinuka kwenda kufunga mlango. Mtoto wao alikuwa palepale, chini ya meza, akichezea vigari vyake. Walidhani anacheza. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, na baada ya aibu ikaja hasira, asijue ampe nani.

Mwanawe alimkuta nyuma ya darasa.

"Mama, umenivua nguo mbele ya watu."

"Unampiga?"

"Mambo ya kitoto yale. Na hata kama, nyumba gani haina kelele? Baba si alikuwa hivyohivyo? Mbona mliishi?"

Alitaka kumwambia kwamba hawakuishi. Mwanawe akauchukua ukimya wake kuwa ndiyo jibu. Akaenda kuagana na wazazi wenzake, akicheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mkwewe alikuwa penye bomba, akimnawisha Chiriku uso.

"Njoo kwangu, mwanangu," Bibi Mwalimu akamwambia. "Leo hii. Wewe na mtoto."

"Akitufuata, Mama, utamwacha nje?"

Jibu lilikuwa neno moja tu. Mwanamke aliyetumia ujana na uzee wake akikata maneno vipande vipande alilitafuta hilo moja, asilipate. Alimwona mwanawe akiwa mdogo, ana homa, anamng'ang'ania shingoni. Alimwona mlangoni amelowa mvua, anaita, Mama, nifungulie.

"Nilijua," mkwe akasema, bila ubaya. Akafunga bomba. "Ila siku nyingine, Mama, nakuomba, usituimbishe."

Jumatatu maneno yalikuja kama kawaida. Kijiko. Ndala. "Paka kazaa!" Zamu ilipomfikia Chiriku, alisimama mikono ikiwa nyuma.

"Kwetu hakuna maneno."

"Nani kasema, mjukuu wangu?"

"Baba."

Bibi Mwalimu akafungua mdomo kuwaambia wengine wasubiri, lakini walikuwa wamekwisha anza. Kwe-tu-ha-ku-na-ma-ne-no. Makofi safi, hakuna aliyekosea. Wakarudia, safari hii na miguu, nyuso zao zikimng'aria, wakingoja awape ishara ya kuacha.