Kadi Tatu za Kumfikia Lavonne

Siku Britta alipoomba zile kadi, nilikuwa nakaanga viazi. Alikaa mezani kwangu na kompyuta yake, koti hata hajalivua, akaniambia, "Bibi, usinisemeshe kidogo. Nikianza lazima nizimalize zote kwa mkao mmoja."

Baadaye alinieleza taratibu, bila kuchoka na maswali yangu. Benki ikikupa kadi mpya ya mkopo, inakupa pia zawadi ya pointi za kununulia tiketi za ndege, ila sharti utumie kiasi walichopanga ndani ya miezi mitatu. Pointi za kadi moja hazikutosha safari yetu. Na ukiomba moja leo, nyingine mwezi ujao, ile benki ya pili inaona kwenye rekodi yako kwamba umeanza kukimbilia mikopo, inakunyima. Kwa hiyo wanaojua mambo haya huomba zote siku moja, kabla benki moja haijapata habari za nyingine.

"Sasa huo si wizi?" nikamuuliza.

"Si wizi, Bibi. Wizi ni bei ya tiketi ya kwenda Hilo."

Hilo ni mji aliko dada yangu Lavonne, kule Hawaii, tangu alipoolewa na baharia na kutuacha sisi na baridi ya Minnesota. Moyo wake umechoka, na madaktari walikuwa wamepanga kumpasua mwezi wa Machi. Kwenye simu alisema ni jambo dogo tu. Lakini kabla ya kukata aliniita jina langu la utotoni, ambalo hakuna mwingine aliye hai analijua, nikafahamu kwamba anaogopa. Nilitaka kumwona kabla hawajamlaza juu ya meza ile.

Fedha tulikuwa nazo kidogo, lakini zilikuwa na kazi yake. Mimi na mume wangu, Lowell, tulizitenga kwa ajili ya jiwe letu la kaburi. Huku kwetu watu hununua jiwe wangali hai, likachongwa majina yote mawili, la mume na la mke, na nafasi ya tarehe ya mwisho ikaachwa tupu. Lowell alikuwa akiliahirisha jiwe hilo kila mwaka, akisema kaburi halina haraka, lakini fedha zake hakuruhusu ziguswe. Alisema ni za mazishi, si za matembezi, na mimi nilikubaliana naye. Hatukutaka kumwachia Britta mzigo wa kutuzika. Ni mjukuu wetu, ila tulimlea wenyewe tangu mama yake alipofariki, na mshahara wake wa mapokezi katika kliniki ya meno si mkubwa.

Benki mbili zilimkubalia papo hapo. Ya tatu ilisema itamjibu. Wiki ile yote sikuweza kupitisha gari la posta bila kwenda dirishani. Hatimaye walipiga simu, wakamuuliza kwa nini anataka kadi nyingi kiasi hicho, naye akawajibu ukweli, kwamba anataka kumpeleka bibi yake kwa dada yake. Yule binti wa benki akasema, haya, nakupitishia. Sijui jina lake, ila huwa namkumbuka.

Kisha ikaja kazi ya kutumia. Britta alilipa bima ya gari kwa kadi, na gesi ya kupashia nyumba joto. Majirani walisikia, wakaanza kuja na manunuzi yao ili kumsaidia. Phyllis wa nyumba ya pili alilipiwa miwani yake mipya, akaandika hundi pale pale kabla hata ya kuijaribu. Akina mama wa kanisani walimwachia Britta anunue kahawa, unga na siagi ya chakula cha Krismasi, wakamrudishia fedha kwenye bahasha yenye biskuti juu yake. Kila mwezi Britta alilipa benki zote bila kubakiza hata senti, maana ukibakiza, riba inaila zawadi yote.

Hata hivyo Lowell hakuwa na raha. Baba yake alinyang'anywa shamba na benki, na tangu ujana wake yeye hulipa taslimu au halipi kabisa. Alizitazama zile kadi kama mtu anavyotazama mbwa asiyemjua. Nami, niseme kweli, nilikuwa na hofu nyingine. Nilihofia kwamba Lavonne hatanisubiri.

Ilipofika Februari, kadi mbili zilikuwa zimetimia. Ya tatu ilipungua. Britta akachukua akiba yake mwenyewe, akatununulia mashine ya kusukuma theluji, nyekundu, akasema alikusudia kutupa zawadi hiyo siku nyingi kwa ajili ya mgongo wa babu yake. Kwa mashine ile kadi ya tatu ikafika pale pale ilipotakiwa. Lowell alimshukuru. Lakini nilimwona akienda kwenye banda la gari kuitazama, anasimama, anarudi ndani bila kuiwasha.

Siku ya mwisho ya ile miezi mitatu ilikuwa Alhamisi. Redio ilikuwa imetangaza dhoruba tangu asubuhi, na kliniki iliwaachia wafanyakazi mapema, kwa hiyo Britta alikuja kula nasi mchana. Tulikuwa kwenye supu Lowell alipoingia, ana theluji mabegani na uso wa mtu aliyetenda jema. Akaweka risiti mbele ya Britta.

"Nimeirudisha," akasema. "Kijana wa dukani kanisaidia kuishusha. Fedha zinarudi kwenye kadi yako, zote. Mgongo wangu bado unaliweza beleshi, na wewe una maisha mbele yako."

Britta aliisoma risiti ile. Kisha akaweka mkono wake juu ya mkono wa babu yake, akasema, "Asante, Babu." Akanyanyuka akaenda bafuni na simu yake.

Nilimfuata. Alikuwa amekaa ukingoni mwa bafu.

"Kitu kikirudishwa wanakitoa kwenye hesabu," akanong'ona. "Na mwisho ni leo, Bibi."

Nikamwambia tukainunue tena. Alikwishawapigia wa dukani, wamefunga kwa sababu ya dhoruba. Nikamwambia anunue chochote mtandaoni. Akasema huko hawakati fedha mpaka mzigo utoke ghalani, na leo hakuna lori litakalotoka. Na mtu anunue nini cha bei ile, na kwa fedha ipi, asijute kesho?

"Usimwambie Babu," akasema. "Tafadhali. Alitaka kunisaidia."

Lakini nyumba yetu ni ndogo. Nilipofungua mlango, Lowell alikuwa amesimama kwenye korido, kofia mkononi. Alirudi jikoni akakaa, akaisogeza supu pembeni. Nje barabara ilikuwa haionekani tena. Nilitamani kumfariji, lakini nilikuwa nafikiria Hilo. Nikamwekea tu mkate karibu.

Halafu akainuka, akachukua simu ya ukutani, akampigia Haugen, mchonga mawe, ambaye karakana yake iko nyuma ya nyumba yake, karibu na kanisa.

Sauti ya Haugen ni kubwa, tuliisikia sote. "Nani kafa, na hali ya hewa hii?"

"Hakuna aliyekufa," Lowell akasema. "Lakini fanya haraka. Unapokea kadi?"

Haugen alipokea, ila kile kimashine chake cha kupokelea kadi kilikuwa karakanani, ng'ambo ya uwanja. Alimwuliza Lowell kama jambo hili haliwezi kungoja hadi kesho, baada ya miaka yote aliyoliahirisha. Lowell akamwambia haliwezi, kwamba Ardis, yaani mimi, anataka kwenda kumwona dada yake, na kwamba yeye Lowell ameharibu. Tukasikia simu ikiwekwa mezani, na mlango ukifungwa.

Tulingoja. Britta alikuwa ameishika kadi kwa mikono miwili. Nilimfikiria Haugen, naye si kijana, akivuka uwanja ule akipapasa ukuta, na nikaanza kuogopa kwamba dada yangu atanigharimu mchonga mawe. Aliporudi kwenye simu alikuwa anahema. Britta akamsomea namba za kadi, polepole. Kisha Haugen akauliza jambo, na Lowell akaziba simu kwa kiganja.

"Jiwe la kijivu au jekundu?"

"Jekundu," nikasema. Sijui kwa nini. Nadhani bado nilikuwa naifikiria ile mashine.

Simu ya Britta ikalia mkononi mwake: malipo yamepita. Akajifuta macho kwa kitambaa cha meza.

"Hili nalo usije ukalirudisha, Babu."

"Hawalipokei," Lowell akasema. "Likishachongwa jina la bibi yako, nani mwingine atalitaka?"

Kesho yake alimwandikia Britta hundi kutoka zile fedha tulizozitenga, yote kamili. Wasiwasi haukuisha hapo. Pointi hazikuonekana wiki ile, wala iliyofuata, na Lavonne kila alipopiga simu aliongea kwa pumzi fupi zaidi. Niliacha kumwahidi chochote. Kisha Jumapili moja Britta alitushika mlangoni mwa kanisa, akaniwekea simu yake machoni. Pointi zilitosha tiketi mbili, yake na yangu, kama tulivyopanga.

Sasa niko Hilo. Kesho alfajiri wanampasua. Lavonne amekuwa mdogo, mikono yake mepesi, na mvua ya huku inanyesha bila kelele. Jioni hii Lowell amepiga simu. Amekwenda kuliona jiwe kwa Haugen, kwani halitasimamishwa mpaka ardhi iliyoganda iyeyuke. Anasema jina langu limekaa vizuri, ila lake wamelibana kidogo. Haugen alikuja na mashine yake mwenyewe kuondoa theluji kwenye njia yetu, akakataa kupewa hata kahawa.

"Umemwona?" akaniuliza.

"Nimemshika mkono sasa hivi."

Nikamsikia akivuta kiti.

"Basi," akasema. "Basi usimwachie."