Zimwi la Fundi Makochi

Karibu kila kitu kwenye kinyago kile cha zimwi kilitokana na makochi. Ngozi ilikuwa plastiki ya kahawia iliyobaki kwenye kazi ya mteja, mashavu yalikuwa sponji, na lastiki ya kufunga kinywa ilikuwa ile ile inayokaa chini ya viti kubeba makalio ya watu. Fundi makochi alivishonea vyote juu ya kofia ngumu ya ujenzi. Ukikivaa, kidevu chako kinaingia kwenye kikombe kilichoshonewa ndani ya taya lake. Ukifungua kinywa, taya la zimwi linashuka, na nyuzi mbili za nailoni zinavuta mdomo wa juu na nyusi, meno yote yanatoka nje. Alikijaribu mwenyewe mbele ya kioo, mkewe akacheka mpaka akashika ukuta.

Mvaaji mwenyewe alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mwigizaji wa michezo ya watoto mashuleni. Kwa sauti kubwa aliyokuwa nayo, watu walimwita Spika. Miezi mitano iliyopita alianguka na pikipiki akavunjika taya. Waya za kufungia taya zilipotolewa aliwaambia wote amepona. Mkuu wa kikundi chao cha maigizo, mama waliyemwita Bosi, alisema angekuja Jumamosi saa nne kumtazama. Zimwi likisema vizuri, nafasi yake ipo. Likishindwa, angetafuta mtu mwingine.

Ijumaa mchana Spika akaingia karakana.

"Shemeji, umenipa sura nzuri kuliko ya kuzaliwa."

"Hiyo haikuwa kazi ngumu. Vaa."

Akavaa. Zimwi likabaki limenuna.

"Fungua kinywa."

"Nimefungua."

"Fungua, bwana. Au unamnong'oneza mbu?"

"Nimefungua, shemeji."

Fundi akamvua kinyago, akamwambia afungue hivyo hivyo. Spika alitazama mlangoni kwanza, kisha akafungua. Vidole viwili vingepita, tena kwa kubanana.

Hapo fundi akazielewa Jumapili zote ambazo shemeji alidai ameshiba kabla ya kukaa mezani kwao, na ule mkate aliouchovya kwenye chai mpaka ukayeyuka.

"Dada yako anajua?"

"Ajue ili aanze kunisagia chakula kama mtoto?"

"Na Bosi?"

"Nilimwambia niko kama zamani." Akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, springi zikalia. "Kazi nyingine siijui. Nimekuwa simba, nimekuwa mchawi, mwaka mmoja nilikuwa miguu ya nyuma ya ng'ombe. Sasa niende wapi?"

Fundi alitaka kumgombeza, akajizuia. Hata yeye alikuwa na kosa. Maisha yake yote hakuwahi kutengeneza kochi bila kwenda kupima mlango wa mwenye nyumba, lakini kinyago hiki alikikata kwa kipimo cha kinywa chake mwenyewe.

Akafumba macho. "Ee Mungu, taya hili uliliumba wewe, na unajua limebakiwa na nini. Nionyeshe njia. Amina." Kisha akachukua rula. "Lete kidevu."

Alizing'oa bawaba za taya la kinyago kutoka masikioni, akazisogeza mbele hadi mashavuni, karibu na kidevu, ili kushuka kidogo kwa kidevu kuwe kushuka kukubwa kwa ncha ya taya la zimwi. Lastiki ya kochi akaitupa, akaweka nyingine laini, ya kiunoni mwa sketi. Spika akavaa tena, akasema neno moja, na kinywa cha zimwi kikafunguka kama mlango wa kabati.

Tatizo likawa jingine. Spika akimeza mate, zimwi linatafuna. Akishusha pumzi, nyusi zinapanda.

"Halitulii hili."

"Wewe ndiye usiyetulia. Nikilegeza nyuzi tunarudi kulekule."

Jumamosi Bosi alifika saa nne kamili, akasimama na mkoba wake begani. Spika akasema maneno yake yote, sauti ikajaza karakana, meno ya zimwi yakaonekana mpaka magego. Akamaliza. Bosi akalisogelea hatua moja. Hapo hapo mdomo wa zimwi ukaanza kutetemeka, nyusi zikipanda na kushuka. Fundi alitamani kulifunika kwa kitambaa.

"Mbona linaogopa?" Bosi akauliza.

Fundi akamgeukia Spika. Jibu hilo halikuwa lake.

Spika akavua kinyago. "Ni mimi ninayeogopa. Nilikudanganya, Bosi. Taya halifunguki zaidi ya hapa." Akamwonyesha. Mkewe fundi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, naye akaona.

"Unaweza kusema muda gani bila maumivu?"

"Robo saa."

"Ungeniambia, ningekuwa nimeshaupanga mchezo upya." Bosi akavuta kiti. "Vaa. Usiseme neno."

Zimwi likasimama mbele yake, likitetemeka. Akalizunguka, akalitazama kila upande.

"Hili watoto watataka kulishika mkono," akasema. "Maneno nitayapunguza. Yaliyobaki litayasema kwa sura."

Dada mtu akaweka sinia chini. "Vua hicho kitu, kaka. Nifungulie kinywa nione."

Spika akavua, akafungua. Dada akamshika kidevu kwa mikono miwili, akachungulia ndani. Fundi akawapa mgongo, akainama kuokota vipande vya sponji sakafuni, kimoja kimoja, ingawa ufagio ulikuwa karibu.