Lebo Inayorithiwa

Saa mbili na robo asubuhi, mama msafishaji alipoinama kufuta chini ya meza, mtunga programu aliona maneno WA MUDA yamechapika shingoni pake, kwa herufi zilezile za kompyuta. Hakushangaa. Lebo hiyo aliitunga mwenyewe miaka ishirini iliyopita, kwenye programu ya wafanyakazi, na mama yule alikuwa wa muda tangu hapo.

Kilichomweka roho juu ni binti wa mama huyo. Alikuja kuomba kazi, na shingoni alikuwa na lebo ileile.

"Huyu nani kamwandika?" mtunga programu aliuliza.

"Amezaliwa nayo," mama alisema, akikamua tambara.

Mtunga programu akafungua faili la zamani.

"Kila lebo ina lebo zake juu yake, mama. Moja inasema ibandikwe kwa nani. Nyingine, idumu hadi lini. Nyingine, kama watoto watairithi."

"Na hii yangu?"

"Niliandika idumu maadamu programu inaendelea kufanya kazi. Na irithiwe."

"Kwa nini, kaka?"

"Nilikuwa na haraka."

Akafuta neno la kurithi papo hapo. Shingo ya binti haikubadilika. Ilibidi programu izimwe, iundwe upya, iwashwe tena. Akapanda ngazi mbilimbili hadi kwa meneja.

"Haijazimwa tangu iwashwe," meneja alisema. "Tukiizima, hata milango haitafunguka."

"Lakini mtoto wa watu amezaliwa nayo."

"Basi ameshazoea."

Mchana huo binti aliajiriwa. Mlango ulisoma shingo yake ukafunguka, na hakuna aliyempa mkataba. Mtunga programu hakukalika tena. Alisimama, akaketi, akaenda dirishani, akarudi kwa meneja. Kila wiki jibu lilikuwa lilelile.

Mwaka uliofuata binti alisimama mbele ya meza yake, mkono tumboni.

"Lile neno, ulilifuta kweli?"

"Kwenye maandishi, ndiyo."

"Na mtambo?"

"Bado unawaka."

Binti akaitikia kwa kichwa, akaomba ruhusa ya saa moja, akaenda kliniki. Muuguzi aliitazama picha ya tumbo, akayasoma maneno shingoni mwa mtoto, akayanakili kwenye kadi, katika sehemu ya "maelezo mengine".