Sheria Iliyolala Kiponda

Sheria ile ilishakufa zamani, kilichobaki ni kuizika tu. Waliiweka wakoloni: marufuku kuwasha moto wa kuuzia chakula kwenye baraza za Mji Mkongwe. Hakuna aliyekumbuka mtu kushikwa kwa kosa hilo. Askari wenyewe walinunua mikate ya ufuta ya Badriya pale barazani kwake Kiponda, ya moto moto, wakaenda zao. Lakini sheria iliyolala mtu huweza kuiamsha, na baraza ile ndiyo iliyomsomeshea Badriya wanawe.

Basi kamati ya kufuta sheria zilizopitwa na wakati ilipotangaza kuja mtaani kusikiliza watu, alijiandaa kusema. Zahran akamzuia. Huyu alikuwa ndugu yake wa kunyonya. Mama mmoja aliwanyonyesha wote wawili, wakakua wakiitana kaka na dada. Karibuni alikuwa amekodi ghorofa za juu ya baraza ile, afanye nyumba ya wageni.

"Dada, we uende kubishana na wanasheria mbele za watu? Niachie mimi. Ntakusemea."

Akamwachia. Ndivyo alivyolelewa: penye kaka, dada hapandishi sauti.

Siku ya siku, Zahran akasimama na kanzu yake iliyonyooka kwa pasi. "Sheria hii haimdhuru mtu," alisema. "Sisi wa nyumba hii tunaomba ibaki. Inatunza haiba ya mji."

Badriya alihisi masikio yanawaka. Mwenyekiti akamgeukia. "Bi Badriya, ndivyo?"

Watu wote wakamkodolea macho. Amkadhibishe kaka yake hadharani, mbele ya wageni? Akaitikia kwa kichwa, akiamini watayamaliza nyumbani.

Hawakuyamaliza. Hata mwezi haujaisha, askari wawili walilimwagia maji jiko lake, mkate bado uko juu ya makaa. Zahran alikuwa dirishani, anawaonyesha wageni wake mtaa.

"Kaka! Waambie!"

"Si mimi, dada. Ni sheria."

Machozi yakamtoka. Angekuwa ni adui aliyemfanyia hivi, asingelia. "Kweli kikulacho ki nguoni mwako! Nilikuamini unisemee, Zahran, ukanichongea!" Mtaa mzima ulimsikia.

Askari mmoja, mteja wake wa kila asubuhi, akainamisha kichwa. "Tuwie radhi, Bi. Tuliuliza kabla ya kuja. Tumeambiwa mwenyewe uliitikia."