Aliyemfunza Mwalimu

Mtu aliyenifungulia mlango kule Minto, pembezoni mwa Sydney, alikuwa mwembamba kiasi kwamba nilidhani nimekosea nyumba. Alivaa sweta juu ya sweta, miwani imemshuka puani, na nilipompa mkono aliupokea kwa mikono yote miwili, kama wazee wetu wanavyofanya. Nikaviangalia vidole vyake. Nilikuwa nimekuja kutafuta makovu, mifupa iliyovunjika ikaunga vibaya, chochote. Vilikuwa vidole vya mtu ambaye hajawahi kumpiga hata mbwa.

"Karibu, binti ya Kubwimana," alisema. "Nilijua mtu wa kwenu atakuja siku moja. Sikujua kama itakuwa wewe."

Kubwimana ni baba yangu, bingwa wa ndondi za mikono mitupu katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma nilikokulia. Jumapili baada ya misa wanaume walichora duara uwanjani, nyuma ya ghala la chakula, wakapigana bila glavu na bila refa mpaka mmoja akubali kukaa chini. Kila mpiganaji alikuwa na jina la ulingo: Tingatinga, Treni, Kifaru. Baba aliwalaza wote. Lakini pambano lililosimuliwa kuliko yote ni lile la Mwalimu. "Wengine aliwapiga," Tonton Salvator, yaani mjomba, rafiki yake mkubwa, alipenda kusema, "lakini Mwalimu alimfunza." Hapo watu hucheka mpaka soda inawatoka puani. Nami nilicheka nao, kuanzia Kigoma mpaka Granville, hapa Sydney. Mwalimu nilimwona wazi kichwani: jitu lenye shingo ya fahali, lililopewa jina hilo kwa kuwafunza wenzake adabu. Pambano lenyewe sikuliona. Siku zile nilikuwa nimepelekwa kwa shangazi, upande wa pili wa kambi.

Baba alifariki mwaka jana. Nilimuuguza mwenyewe mpaka mwisho. Nawaosha wazee wa watu kwenye nyumba ya wazee huko Toongabbie, sembuse wangu. Mwaka ulipotimia, familia ikapanga siku ya kumaliza matanga, ambayo sisi Warundi huiita kuganduka, na mimi nikateuliwa kusimulia maisha ya marehemu. Nilitaka kusimulia kwa ushahidi. Nilikuwa nimechoka kusikia vijana waliozaliwa hapa wakisema eti wazee wetu wanatunga. Nilitaka mtu mmoja asimame ukumbini aseme: ndiyo, alinipiga, nilianguka, na alikuwa simba.

Aliyenionyesha njia ni Jerotich, Mkenya ninayefanya naye kazi. "Kwa church yetu Minto kuna mzee Mrundi tunamwita Mwalimu," aliniambia tukitandika kitanda. "Lakini huyo hawezi kuwa boxer, Belyse. Huyo ni mwalimu tu. Wa kufundisha."

Nilimcheka. Nilimwambia Wakenya hawajui majina ya ulingo.

Sasa nilikuwa nimeketi sebuleni kwa mzee huyo, jina lake Vénérand, na chai mbele yangu. Nikamwomba anisimulie pambano lake na baba. Alikoroga kikombe chake, akaendelea kukoroga hata sukari ilipokuwa imeshayeyuka.

"Pambano ni ya watu wawili," alisema. "Mimi sikupigana, binti yangu."

Alikuwa mwalimu mkuu wa sekondari ya kambini, ndiyo kwanza apewe cheo. Ndiyo maana sikumjua. Mimi nilikuwa bado msingi. Matokeo ya mtihani wa kumaliza msingi yalipotoka, aliamua kuzunguka mwenyewe kwenye nyumba za wasichana waliofaulu, maana wasichana walikuwa wachache na wazazi wao wagumu.

"Nilikuja kwa baba yako na félicitations, na pongezi," alisema. "Nilimwambia msichana wake ni wa kwanza, kambi nzima. Nilidhani atanipa kinywaji." Akatabasamu kidogo. "Akasema msichana haendi, kuna wadogo wa kulea. Nikarudi kesho yake. Nikarudi tena. Siku ile nikamwambia, mbele ya rafiki zake, kama anamwibia mtoto wake mwenyewe. Hapo ndiyo akasimama. Salvator alinivua miwani kwanza, akaishika isivunjike. Alinirudishia baadaye, tena vizuri. Nilianguka na ngumi ya kwanza. Zingine baba yako alinipigia chini."

"Msichana yupi?" niliuliza. Wadogo zangu wote ni wa kiume.

Mzee aliacha kukoroga. "Hawakukwambia?"

Niliambiwa nimefeli. Baba aliniambia mwenyewe, siku niliyorudi kutoka kwa shangazi. Alikuwa amenunua maandazi, tukala mimi na yeye nje ya nyumba, na nilipolia alinifuta machozi kwa kiganja chake kigumu akasema si kila mtu ana kichwa cha shule. Nilimpenda sana siku hiyo. Sentensi ile niliibeba mpaka Sydney. Wenzangu wa kambini walipoingia chuo kikuu kusomea uuguzi, niliwapigia vigelegele, nikajiambia Mungu hakunipa kichwa, amenipa mgongo wa kunyanyua wazee. Na nilipokwenda kuchukua cheti cha kazi hii, usiku sikulala kwa hofu. Nikamwambia baba naogopa mtihani kwa sababu mara ya mwisho nilifeli. Alikuwa anatazama mpira kwenye televisheni.

"Usiogope, Belyse," alisema. "Safari hii utapita."

Safari hii. Namchukia kwa maneno hayo mawili kuliko kwa ngumi zake zote.

Nilimwomba Vénérand aje ukumbini. Alikataa, akanisindikiza mpaka kwenye gari. "Usiseme, binti," alisema. "Sema alikuwa na nguvu. Hiyo si uongo."

Mama nilimkuta jikoni kwake akichambua maharage ya shughuli. Nilipomuuliza kama alijua, hakuinua kichwa.

"Nani angelea wadogo zako? Mimi nilikuwa nalala hospitali. Na leo si una kazi? Si una gari?" Aliokota jiwe dogo, akalitupa kwenye sinki. Kisha akashusha sauti. "Kesho tunamaliza kilio, Belyse. Usitufungulie kingine."

Kesho yake ukumbi wa Granville ulijaa. Tonton Salvator alikaa meza ya mbele, suti mpya, tayari kucheka. Nilipopewa maikrofoni akapaza sauti: "Anza na ile ya Mwalimu."

Nikaanza na ile ya Mwalimu. Nikasema halikuwa jina la ulingo, lilikuwa jina la kazi. Nikasema alikuwa mtu mwembamba, mwalimu mkuu, na kwamba hakurusha ngumi hata moja. Watu wa mbele walikuwa wameshaanza kucheka kwa mazoea, wakajikuta wanacheka peke yao, wakaacha. Mama alikuwa akitazama kitambaa cha meza. Maikrofoni ilikuwa mbovu, inakata maneno, na watoto walikuwa wakikimbizana huko nyuma, lakini sikungoja watulizwe. Nilijua nikingoja nitasema alikuwa na nguvu, nikae.

"Baba alimpiga," nikasema, "kwa sababu alikuja kutuambia nimefaulu."

Salvator aliinamisha kichwa. Meza za mbele zilinyamaza kabisa, na kwa muda mfupi niliona kwamba wamenisikia. Kisha kutoka nyuma, kwenye meza za wageni ambao hawakupata ila lile neno la mwisho, mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Kwetu mtoto akisemwa amefaulu, hakuna anayeuliza mtihani gani. Mwingine akadakia, makofi yakaanza, yakasogea mbele meza baada ya meza, na wale waliokuwa wamenyamaza wakaona afadhali yamekuja, nao wakapiga kwa nguvu kuliko wote. Salvator alisimama ili apige vizuri. Ukumbi mzima ukasimama kunipongeza, mimi na maikrofoni yangu, na Mama pia akasimama, kwa sababu angebaki peke yake kwenye kiti. Walipomaliza, mshereheshaji alinishukuru kwa maneno mazuri, akatangaza kwamba chakula kiko tayari.